Tela la kuhamishia nyumba liwe la kubebea vyombo vya beni: mafundi, nisaidieni

Mtunza Vyombo, Wete

Assalaam alaykum. Mie natunza vyombo vya beni ya vijana hapa Wete, Pemba. Tuko 24, wengine bado wako skuli, wengine wameshamaliza. Tunapiga kwenye harusi, kwenye mahafali, na mwezi wa Januari tukiitwa kwenye shamrashamra za Mapinduzi tunakwenda uwanja wa Gombani, Chake Chake. Stoo yangu ina tarumbeta 6, tromboni 3, saksafoni 3, klarineti 2, tuba 1, ngoma kubwa 2, ngoma ndogo 5 na matoazi jozi 2. Vingi tulipewa vikiwa vimeshatumika, na kila kimoja nimekisafisha kwa mkono wangu na kukitia mafuta. Umeme ukikatika, kwa kupapasa tu naweza kukwambia hii ni tromboni ya nani.

Januari iliyopita tulikodi gari ya mizigo. Wapakiaji walitanguliza tarumbeta chini zikiwa kwenye magunia, juu yake wakaweka ngoma, tuba wakaiegemeza ubavuni, halafu turubali. Niliwaambia sivyo hivyo, lakini tulikuwa tumeshachelewa na dereva anapiga honi. Kwenye mteremko mmoja kabla ya kuingia Chake akakanyaga breki ghafla, ngoma kubwa ikateleza na vyuma vyake vyote ikaiangukia tuba. Mdomo wa tuba, ule mpana inakotokea sauti, ulijikunja kwa ndani, na pistoni ya pili ikabanwa, ukiibonyeza haishuki. Kijana anayeipiga ana miaka 15. Alisimama mahali pake mstarini, mikono mitupu, akaenda hatua sawa na wenziwe gwaride zima. Sitaki kuliona tena lile. Tangu siku hiyo nimesema vyombo hivi havipandi tena gari ya mtu vikirundikwa kama mihogo.

Tumeweka pesa za harusi kwa mwaka mzima, na sasa tumenunua tela. Mwenyewe alirudi nyumbani kutoka Marekani, akalileta likiwa limejaa samani zake, kisha likakaa uani kwake. Ni la sanduku, limefunikwa kote. Urefu futi 12, upana futi 6, ekseli moja, magurudumu mawili. Fremu ni chuma, ubavuni na juu ni bati la alumini. Nyuma kuna milango miwili inayofunguka kushoto na kulia, na ubavuni, mkono wa kulia, kuna mlango mdogo. Kibao cha mbele kimeandikwa GVWR pauni 2,990. Sakafu ya mbao imeoza kwenye kona ya nyuma, kidole kinazama. Ndani kunanuka ukungu. Gari ya kuvutia ni Hilux ya mzee mmoja wa kamati yetu.

Juzi usiku nilichora kwa chaki kwenye sakafu ya stoo mstatili wa futi 12 kwa 6, nikaanza kupanga vyombo ndani yake. Nikaweka tuba mbele, nikaitoa, nikaiweka nyuma karibu na mlango ili iwe ya mwanzo kutoka. Ngoma kubwa nikazilaza, nikazisimamisha. Mpaka saa sita bado nazunguka. Vinaingia vyote, nafasi ipo, ila sijui kipi kikae wapi na kwa nini. Fundi mmoja hapa jirani ananiambia atanitia rafu za chuma kizito pande zote mbili "zisivunjike maisha". Mwengine anasema tela lenyewe halifai, niliuze vyuma. Naomba mwenye ujuzi aniambie nianzie wapi. Na tafadhali msinijibu ninunue basi.

Fundi Chuma, Machomanne

Wa alaykum salaam mwanangu. Tela linafaa, usiliuze. Lakini usianze na rafu. Anza chini.

Linyanyue kwa jeki, zungusha gurudumu kwa mkono na utege sikio. Likikwaruza au likicheza ukilishika juu na chini, beringi zimekwisha. Hata zisipokwaruza zifungue tu, zioshe kwa mafuta ya taa, tia grisi mpya na sili mpya. Tela lililokaa uani muda mrefu grisi yake hukauka na maji yakaingia. Ukimaliza tazama ubavuni mwa tairi, tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la tela mara nyingi halimalizi meno, linazeeka na kupasuka likiwa bado linapendeza kwa macho.

Sasa hicho kibao. Pauni 2,990 ni kilo 1,356, na hiyo GVWR, yaani uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, si ya mzigo peke yake. Ni tela lenyewe pamoja na kila kilichomo. Matela ya kimo hicho yakiwa matupu mengi huwa na kilo 500 na kitu. Toa hizo, toa sakafu mpya, toa rafu, kinachobaki ndicho chako. Ndiyo maana huyo fundi wa chuma kizito simkubalii. Bomba la mraba la milimita 40 lenye unene wa milimita 3 lina kilo tatu na nusu kwa kila mita. La milimita 25 lenye unene wa milimita moja na nusu lina kilo moja na kidogo. Ukitumia mita 60, moja linakupa kilo 200 na zaidi, jengine halifiki 70. Tarumbeta moja haina hata kilo moja na nusu. Unajengea nini chuma cha kubebea injini?

Vyombo vyako vyote pamoja na masanduku yake sidhani kama vinafika kilo 200. Na hapo ndipo penye tabu ambayo watu hawaitegemei. Tela lililotengenezewa samani likibeba kitu chepesi linaruka. Springi zake ngumu, mzigo hautoshi kuzikandamiza, kila shimo linapanda mpaka kwenye rafu. Upepo ulioandikwa kwenye tairi ni wa mzigo kamili, wewe usiujaze wote, mwambie fundi wa tairi akupimie kwa uzito ulionao. Na kazi ya kuzuia mrusho uifanye kwenye vishikizo vya kila chombo.

Kipi kikae wapi: vizito viwe mbele ya ekseli kidogo. Ukigawa mzigo, kama asilimia 60 iwe nusu ya mbele. Ukirundika nyuma, tela litaanza kutikisa mkia kwenye mteremko, na likishaanza hata Hilux linaichukua. Kwa hiyo tuba usiiweke mlangoni. Tena nyuma kabisa ndiko kunakorusha zaidi. Iweke usawa wa ekseli au mbele yake kidogo.

Sakafu ing'oe yote, usitie kiraka. Ukiing'oa utaona fremu ina kutu kiasi gani. Piga brashi ya waya, red oksaidi, rangi ya mafuta, ndipo uweke plaiwudi ya milimita 18 iliyopakwa rangi pande zote na kwenye kingo. Kingo ndizo zinazokunywa maji.

Dereva wa Mkoani

Dada Mtunza, ami hapo juu amesema ya chini, mie nakwambia ya barabarani.

Huo mlango mdogo wa mkono wa kulia. Kule Marekani gari zinakwenda mkono wa kulia, kwa hiyo mlango wa kulia unafungukia pembeni kwa waenda kwa miguu. Sisi tunakwenda kushoto. Ukisimama kando ya barabara, mtoto akifungua mlango ule anatokea katikati ya njia, gari inakuja. Ufunge kwa bolti kwa ndani kabla hujasafirisha hata ngoma moja, au fundi aukate auhamishie kushoto. Mie ningeuhamisha, kwa sababu unahitaji kufika vyombo vya mbele bila ya kutoa vya nyuma.

Taa nazo. Matela mengi ya kule taa ya breki na ya kuonyesha kona ni moja, ile ile nyekundu. Waya zake ni nne: nyeupe ya ardhi, ya kahawia ya taa za usiku, ya manjano ya kushoto, ya kijani ya kulia. Hilux zetu breki ni mbali na indiketa ni mbali. Ukiunga hivi hivi, ama breki haiwaki ama indiketa inagoma. Kuna kisanduku cha kuzichanganya, lakini mie naona bora uongeze taa mbili za rangi ya chungwa nyuma, upitishe waya wa tano, mambo yawe wazi. Umeme wote ni volti 12, hapo hapana shida.

Kikombe cha tela, kile kinachokaa juu ya mpira wa chuma nyuma ya gari, angalia kimepigwa chapa gani. Kikiwa cha inchi 2 kinataka mpira wa milimita 50.8. Mipira mingine inayouzwa ni ya 50 kamili. Kikombe cha inchi 2 juu ya mpira wa 50 kitashika lakini kitacheza, na kinachocheza kinakula chuma safari kwa safari. Minyororo miwili ya usalama ipitishe msalaba chini ya mkono wa tela, ukitoka kwenye mpira uangukie juu ya minyororo na usichimbe lami.

Mtoto hapandi ndani ya tela. Hata mmoja, hata njia fupi, hata mvua ikinyesha. Nimeona watu wanatia vijana ndani "washike ngoma".

Mkifikiria kuvuka kwenda Unguja na meli ya magari, anza mazoezi ya kurudi nyuma mapema. Unaweza kuambiwa uingie kinyumenyume, na tela fupi la ekseli moja ndilo gumu kuliko refu, linageuka kabla hujajua. Tafuta uwanja mtupu, weka ndoo mbili, rudi katikati yake mpaka mikono izoee. Na karatasi za tela ziulizie kabla, usajili na bima yake, usitegemee za Hilux.

Mpiga Tuba, Unguja

Dada yangu, niliposoma habari ya yule kijana nilisimama nikatembea kidogo. Pole sana, na mpe pole yake. Mwambie mdomo wa tuba unanyooshwa. Shaba ni laini, fundi mwenye kigongo cha mviringo na subira anaurudisha. Pistoni asiilazimishe mtu kwa koleo. Iliyobanwa ni nyumba yake, na ikikwaruzwa ndani haitakaa ikashuka vizuri.

Nimesafiri na tuba miaka mingi, kwa hiyo naandika ya vyombo tu.

Tuba usiilaze bila ya sanduku. Mtengenezee kitanda: mbao ya duara chini, juu yake sponji, tuba isimame kwa mdomo wake, halafu mikanda miwili mipana izunguke tumbo lake ifungwe ukutani. Mkanda usiguse pistoni hata kidogo. Sponji ya godoro peke yake inanyonya unyevu na kuulaza kwenye shaba usiku kucha, utakuta madoa asubuhi. Mpelekee fundi wa makochi akushonee reksini juu yake. Kazi ya nusu siku tu kwake.

Ngoma kubwa isimame kwa ukingo wake kama gurudumu, kwenye chumba chake chembamba, mbao huku na huku. Ukiilaza, kitu chochote kikidondoka kinatua kwenye ngozi. Ngoma ndogo ziwe na vyumba vyake, na kila rafu iwe na ukingo mbele wa sentimita 8 hivi ili chombo kikiruka kirudi. Matoazi yasikae yakigusana. Tia kitambaa kati, yafunge, yaweke wima.

Klarineti zisipande tela kabisa. Kama zako ni za mti, basi huo ni mpingo, mti wetu wenyewe wa Kilwa na Lindi, unakwenda Ulaya ukirudi klarineti. Ni mti mgumu lakini haupendi kubadilishiwa hali ghafla. Sanduku la bati lililokaa juani Gombani kwa muda wa saa tatu linakuwa tanuri, na mpingo ukipasuka umepasuka. Zikae kwenye gari na watoto, mapajani. Saksafoni nazo joto linalegeza gundi ya vile vipedi vya ngozi, kwa hiyo tela liegeshwe kivulini, na fundi atoboe matundu mawili ya hewa yenye wavu, moja chini mbele, moja juu nyuma. Bila ya hewa ule ukungu utarudi hata ukipaka rangi mara tatu.

Kabla ya kupakia, kila mpigaji amwage mate yote. Maji ya pumzi yakilala ndani ya shaba na chumvi yetu hii ya baharini, yanaila kwa ndani. Utaona vidoa vyekundu vyekundu kwenye bomba, na hapo ndani tayari pamekuwa pembamba.

Mkija kupiga Mji Mkongwe, tela liacheni Forodhani au Darajani. Vichochoroni halipiti. Tafuta gari la hamali.

Fundi Mashua

Moja tu. Bati ni alumini, fremu ni chuma, na nyie mko karibu na bahari. Alumini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi inaliwa, unaona unga mweupe kuzunguka ribiti, baadaye tundu. Tazama pembe za chini na uzi wote wa ribiti. Kila mahali utakapofunga rafu kwenye ukuta, usifunge kwenye bati, funga kwenye mbavu za chuma zilizo nyuma yake, na kati ya chuma na bati weka ukanda wa mpira au rangi nzito. Ribiti mpya ziwe za alumini.

Paa likivuja usitie lami wala kalafati ya pamba. Kwenye mashua mbao inavimba inabana, bati halivimbi, linatanuka juani na kurudi usiku. Safisha mpaka ling'are, kausha, tia silikoni ya paa.

Mtunza Vyombo, Wete

Shikamoo ami Fundi Chuma, shikamooni nyote. Sijui nishukuru vipi. Nimesoma na daftari mkononi.

Nimefanya uliyoyasema. Tairi moja limeandikwa 3212, yaani wiki ya 32 ya mwaka 2012. La pili nalo ni hivyo hivyo. Kwa macho lilikuwa zuri kabisa, meno yote yapo, nilikuwa nimeshaliosha. Nilipolipinda kwa kidole gumba nikaona nyufa ndogo ndogo kama za udongo wa kiangazi. Tutanunua mapya. Beringi za kushoto zinakwaruza.

Habari ya mlango wa kulia haikunipitia akilini hata mara moja. Nilikuwa nimeshawapangia watoto wadogo wa matoazi watokee pale. Nimeufunga leo leo kwa bolti mbili, ufunguo nimeuweka mie.

Fundi wa jirani nimemwambia milimita 25. Alinuna, kisha akasema atafanya.

Swali langu lililobaki: hiyo asilimia 60 mbele, mie nitaijuaje? Sina macho ya kupima uzito.

Fundi Chuma, Machomanne

Marahaba mwanangu. Huhitaji macho, unahitaji mizani. Pakia kila kitu kama siku ya safari, weka tela sawa sawa mahali pa tambarare, halafu mkono wake uweke juu ya mizani, kwa kigogo kiwe na kimo kile kile cha mpira wa gari. Uzito unaousoma pale uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Tela lako likifika kilo 800 na mzigo wake, utafute kilo 80 mpaka 120. Ukipata 40, sogeza ngoma mbele. Ukipata 160, rudisha kitu nyuma kidogo.

Mizani muombe mtu anayepimia karafuu. Msimu ukiwa haupo imekaa tu, na gunia la karafuu ni uzito wa namna hiyo hiyo. Uzito wote wa tela utaupata kwa kupima kila gurudumu na mkono, kisha ujumlishe.

Mtunza Vyombo, Wete

Mizani ipo, mjomba wangu anayo. Nitarudi kuandika tulichokipata.

Mpiga Tuba, nimemsomea kijana maneno yako. Alikaa kimya, halafu akauliza hicho kitanda cha tuba kitakuwa na upana gani. Tukaenda stoo. Akaisimamisha tuba kwa mdomo wake uliokunjika juu ya kipande cha boksi, akauzungushia kalamu, kisha pale palipojikunja akachora kwa kukisia ulivyokuwa kabla. Akapima: sentimita 43. Jumamosi tunalileta tela Machomanne, ami, likiwa tupu, polepole, na tairi mpya. Boksi analileta mwenyewe.